Kifua cha Kepher Ogada

Nyumba za kambi yetu ya wachuma chai zimejengwa mbili mbili, zimepeana mgongo, na ukuta wa katikati ni wa tofali moja. Ndiyo sababu ninajua mambo ya Kepher Ogada kuliko nilivyotaka kuyajua. Sikuyatafuta. Mengine yalipita ukutani pamoja na redio yake, mengine mkewe aliniambia tukianika nguo, na yaliyobaki alinieleza Kepher mwenyewe baadaye, alipokuwa amefika mahali pa kueleza. Mimi ni mjane, nimechuma chai tangu usichana wangu, na watu huniita Mama Lenah. Sina uvumilivu na mwanamume anayenyamaza. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na nani.

Kepher ni mtu mrefu, mpole, asiyelewa na asiyependa ugomvi. Kwao ni ng'ambo ya Sondu, kwa Wajaluo, lakini alikuja huku Kericho akiwa kijana na hajawahi kufanya kazi kwingine. Mkewe Yunia ni Mkisii. Walikutana hapa hapa, enzi zile chai yote ilipochumwa kwa mkono na kila mtu ana kikapu chake mgongoni. Wote wawili ni Wasabato, na mtoto wao wa kwanza, Antony, anasomea ufundi wa umeme Litein. Ukiwaangalia kwa nje ungesema hawa wamebarikiwa, na kwa mambo mengi hungekosea.

Siku hizi chai ya shamba letu inachumwa kwa mashine. Watu wawili wanaishika, mmoja upande huu wa mstari na mwingine upande ule, wanatembea hatua moja, na wa tatu anafuata nyuma akishikilia mfuko mrefu unaopokea majani. Mashine kazi yake ni kukata tu. Kazi ya watu ni kuishika sawa juu ya meza, maana ndivyo tunavyouita uso wa michai iliyotunzwa vizuri. Mmoja akiinua bega, upande wake unapaa na majani mazuri yanabaki. Akilegea, visu vinazama hadi kwenye vijiti vikavu, na hapo panabaki upara wa kahawia ambao hautachipua leo wala kesho. Kwa hiyo ukishika mashine na mtu unaujua mwili wake. Unajua kama alilala, unajua kama aliamka vibaya na mkewe. Zack, aliyekuwa akishika upande wa pili wa Kepher, alijua kuna kitu kabla sisi wengine hatujajua.

"Brathe, unashika hii mashine ni kama mtu anataka kukunyang'anya," alimwambia siku moja. "Legeza mkono."

Kepher alisema amelegeza.

Ugonjwa wenyewe ulianzia kifuani. Kifua kilikuwa kikimbana ghafla, kama kamba iliyokazwa kutoka bega hili hadi lile, pumzi ikawa fupi, na mikono ikaingia ubaridi. Baadaye tumbo likaanza kumsokota. Baadaye tena usingizi ukamtoroka. Kwa desturi ya watu wa kambi yetu, alijipima mwenyewe akajipata na ulcers. Huku kwetu maumivu yoyote yaliyo kati ya shingo na kitovu ni ulcers, hatuna habari na kitu kingine. Akaacha maharagwe, akaacha pilipili, akanunua ile dawa ya unga inayotoa povu kwenye glasi. Kifua kiliendelea kubana.

Ndipo akaingia kwenye dawa ambayo sisi watu wa nchi ya chai tunaipa kila ugonjwa, yaani chai yenyewe. Mtu akifiwa tunampa chai. Akiumwa kichwa tunampa chai, na akisema bado anaumwa tunaongeza majani. Kepher alikuwa akibeba thamosi kubwa ya strungi, chai isiyo na maziwa wala huruma, akiinywa shambani tangu umande haujakauka, na jioni akirudi anateleka nyingine. Moyo ulipomwenda mbio kitandani alidhani ugonjwa unazidi, basi kesho yake akaikoleza zaidi. Nami sikumwambia kitu, maana hata mimi ningefanya vivyo hivyo.

Lakini kilichokuwa kikimbana Kepher kilikuwa na jina, na jina lake ni Ouko, mdogo wake wa tumbo moja.

Kwa Wajaluo, ndugu hujenga kwa zamu ya kuzaliwa. Mkubwa ndiye anayetoka kwanza kwenye boma la baba na kwenda kufungua boma lake, na mdogo hawezi kumruka. Akimruka, watu watasema ameuletea ukoo mzima mkosi, na hata kama huogopi mkosi, midomo ya watu utaiogopa. Nyumba yenyewe si lazima iwe ya maana. Ile ya kufungulia boma husimamishwa kwa siku moja. Mzee wa ukoo anaongoza njia, kijana wa kwanza wa mwenye boma anabeba shoka, mwenye boma anabeba jogoo, mkewe anabeba moto. Usiku mume na mke wanalala humo, basi, na kuanzia hapo mdogo yuko huru.

Kepher ndiye mkubwa, na hakuwa amejenga. Ouko, mtu mzima mwenye watoto wanaonyoa ndevu, alikuwa bado anaishi kwenye boma la marehemu baba yao. Kijana wake alikuwa ameleta mke na hakuwa na mahali pa kusimamisha nyumba, kwa kuwa baba yake mwenyewe hakuwa na boma lake. Watu wote hao walikuwa wamesimama foleni, na mbele ya foleni alikuwa Kepher, na Kepher hakuwa akisogea.

Sababu haikuwa pesa. Mabati yalikuwepo siku nyingi, yamelazwa nyuma ya nyumba ya Ouko mpaka yakaota kutu kwenye kingo. Sababu, kwa maneno ya Kepher, ilikuwa Yunia.

Zamani, baba mkwe alipofariki, akina mama wa ukoo walitaka kumnyoa Yunia nywele kama wanavyonyolewa wafiwa. Yunia alikataa kwa heshima, akasema imani yake haimruhusu. Lilikuwa jambo dogo, likapita. Miaka ikaenda, Ouko akaanza kuulizia nyumba, na Kepher akaikumbuka siku ile akaona mlango wa kutokea. Akamwambia ndugu yake kwamba Mama Antony hataki. Amekataa kubeba moto, amekataa kulala kwenye nyumba ya udongo, amesema mambo hayo ni ya giza. Watu wa kwao hawakushangaa, kwa sababu ya zile nywele. Yunia hakuwa amesema neno lolote. Hakuwa amewahi kuulizwa.

Nilikuja kumuuliza Kepher kwa nini alifanya hivyo. Alisema kufungua boma ni kukubali kwamba siku moja utatoka kazini na kurudi kulala huko, na yeye hakutaka kuifikiria siku hiyo, maana kijiji anachokijua ni hiki chenye chai kila upande. Tena alimwogopa Yunia kidogo, asije akamcheka. Aliona atasukuma mwaka mmoja tu. Mwaka ukaisha, Ouko akauliza tena, na jibu lilikuwa pale pale tayari, halihitaji hata kufikiriwa. Mimi nilikasirika kumsikia akieleza kwa upole namna ile. Upole wa Kepher umewagharimu watu wengi kuliko ukali wa wanaume wengi ninaowajua.

Mambo yaliharibika wakati wa mvua, chai ilipokuwa imechipua kwa wingi na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuinua kichwa. Kepher na Zack walikuwa katikati ya mstari, simu ikatikisika kwenye mfuko wa suruali ya Kepher. Alijua ni nani bila kuitoa. Bega lake likaruka juu, kisha mkono ukakosa nguvu, na visu vikazama. Kabla Zack hajazima mashine, upara wenye urefu wa kitanda ulikuwa umekatwa kwenye meza nzuri kuliko zote za shamba lile. Kepher aliketi chini katikati ya michai, ameshika kifua, jasho linamtoka na baridi yote ile.

Msimamizi wetu ni mama mmoja anayeitwa Nyambeki, asiyepiga kelele hata siku moja. Alikuja, akaangalia upara, akamwangalia Kepher.

"Baba Antony, wewe ni mgonjwa ama umekunywa?"

"Mimi sikunywangi, madam. Ni kifua."

"Sawa. Enda kwa sista sasa hivi. Mashine usiguse mpaka sista aniambie uko sawa."

Sista Priscah ni Mkipsigis wa pande za Sigowet, muuguzi katika zahanati ya shamba. Ana sauti ya chini na mikono ya haraka. Alimpima presha, akasema imepanda kidogo lakini si ya kutisha. Alisikiliza moyo kwa muda mrefu, akausifu. Alimbonyeza tumbo kila mahali, na hakuna mahali Kepher alipopiga kelele. Kisha akavuta kiti.

"Hii kifua inakushika wakati gani?"

"Wakati yoyote tu, sista."

"Hakuna kitu inashika mtu wakati yoyote. Fikiria."

Kepher akafikiri. Akasema, simu ikilia. Sista akauliza simu ya nani. Kepher akasema ya ndugu yake.

"Baba, hii si ulcers. Hii ni stress."

"Stress ni ya watu wa ofisi," Kepher akasema. "Mimi nafanya kazi ya mkono."

"Mwili haijui ofisi. Hebu niambie, ukimaliza mstari, mashine unafanyia nini?"

"Nazima. Ama napunguza moto tukigeuka."

"Na ukiacha ikinguruma hivyo hivyo siku mzima?"

"Itachemka. Itaharibika."

"Basi. Ukiona mbwa mkali, mwili inawasha mashine. Moyo inaenda mbio, mikono inakaza, tumbo inafunga kazi, ndio ukimbie ama upigane. Hiyo ni kitu mzuri. Mbwa akienda, mashine inazima yenyewe. Lakini hii yako si mbwa. Hii ni kitu unabeba ukilala, unaamka nayo. Hakuna mahali inaambia mwili sasa zima. Na juu ya hiyo unaniambia unakunywa thamosi mbili ya strungi kila siku. Hiyo ni kuongeza petroli."

Alimpa maagizo. Strungi mwisho saa sita mchana, baada ya hapo maji. Kifua kikianza, aketi, avute pumzi kwa pua polepole hadi tumbo liinuke, kisha aitoe kwa mdomo polepole zaidi, kama mtu anayepoza uji wa mtoto, arudie mpaka mabega yashuke yenyewe. Jioni atembee kidogo, akifika nyumbani asiangalie simu kitandani. Kepher aliyakariri yote. Alikuwa anainuka aondoke, sista akamuuliza huyo ndugu hasa anataka nini.

Kepher akamwambia. Hakuwa amekusudia. Alianza na mabati akaishia na nywele, akamweleza uongo wote tangu ulipozaliwa, na hakuna mtu aliyewahi kuusikia kabla ya siku hiyo. Sista hakuonyesha mshangao wala hakumkemea.

"Umeona vile umepumua?" akasema alipomaliza. "Tangu uingie hapa hukuwa umepumua namna hiyo. Sasa sikiliza, baba. Hiyo ya uji na ya maji ni ya kupunguza moto. Ya kuzima mashine ni kuambia mama watoto vile umeniambia. Hiyo mimi sina dawa yake kwa hii kabati."

Kepher alirudi nyumbani na kufuata maagizo yote isipokuwa hilo moja.

Niseme ukweli, yale aliyoyafuata yalimsaidia. Alianza kulala. Kitanda chake kiliacha kulia usiku, nami nikapata nafuu upande wangu. Mchana nilimkuta ameketi kwenye kizingiti, macho amefumba, anapoza uji usiokuwepo, na nilimchokoza kwamba siku hizi anakunywa maji kama ng'ombe wa gredi. Alicheka. Nyambeki akamrudisha kwenye mashine, na Zack akaniambia mkono wa Kepher umerudi kuwa mkono wa mtu. Kuhusu simu, aliipunguzia sauti akaiweka kabatini. Akajiona amepona. Watu wanapenda sana dawa ambayo mtu anaweza kuimeza peke yake bila kumwambia mwingine.

Lakini Ouko naye alikuwa na mambo yake, na hakuwa akipoza uji wowote. Mke wa kijana wake alikuwa mja mzito. Mtoto angezaliwa wapi, kwenye boma la marehemu babu wa baba yake? Ouko alipiga simu mpaka ikapokelewa, akasema atakuja mwenyewe Jumapili. Hatakuja kumwona Kepher. Atakuja kumwona shemeji na kumwomba.

Ilikuwa Alhamisi. Kepher alikuwa na jioni kadhaa za kusema. Jioni ya kwanza nilimsikia akianza, "Mama Antony," na Yunia akaitika, na Kepher akauliza kama kuna sabuni. Ijumaa jioni jua likatua wakaingia Sabato, wakaimba, wakalala. Jumamosi walirudi kutoka kanisani akamwambia kwamba Ouko anakuja kesho kuwasalimia. Kuwasalimia tu.

Yunia alifurahi. Aliniita jikoni kwake Jumapili asubuhi nimsaidie chapati, yeye akiwa na kuku na unga wa wimbi. Alikuwa anaongea kuliko kawaida yake.

"Mama Lenah, hawa watu wa kwao hawanipendi," alisema akikoroga. "Ouko akija hapa ananisalimia na mkono mmoja tu. Lakini mama yao ndiye aliniumiza. Unajua nilikuwa nampelekea majani na sukari? Anachukua, anaweka chini, hanitazami. Alipougua nilienda nikakaa naye. Nilikuwa namwosha miguu. Anageuza uso kwa ukuta. Nikasema, sawa, ni kwa sababu mimi ni Mkisii. Nikaombea hiyo kitu mpaka akazikwa."

Mama mkwe alifariki mwaka juzi. Niliendelea kusukuma chapati. Wakati huo hata mimi sikuwa najua kitu kuhusu boma na moto. Nilidhani ni mambo ya kawaida ya wakwe.

Ouko aliingia mchana, koti limelowa, maana mawe ya mvua yalimkuta njiani tangu Sigowet. Alikuwa amebeba kuku hai na mfuko wa njugu. Alikula kidogo sana. Kepher alikula kidogo kuliko yeye. Nilitaka kuaga, Yunia akanishika mkono akaniambia nikae, chai bado. Basi nilikuwepo Ouko alipoinuka kutoka kwenye kiti, akavua kofia, akapiga goti moja kwenye sakafu mbele ya shemeji yake. Mjaluo wa umri ule hampigii goti mke wa ndugu yake. Yunia alirudi nyuma akagonga meza.

"Shemeji, mimi sikuji kugombana," Ouko alisema. "Najua wewe ni mtu wa Mungu. Najua hii mambo yetu wewe unaona ni ya giza. Sisi hatukulazimishi kuamini. Ni siku moja tu. Beba huo moto siku moja, lala kwa hiyo nyumba usiku moja, halafu urudi kwako huku, hatutakusumbua tena. Hii familia yote iko kwa mkono yako."

Yunia alimwangalia mumewe, kisha Ouko, kisha mumewe tena. "Moto gani?"

Ouko hakumsikia, au alidhani anajifanya. Aliendelea kusihi. Mimi nilimtazama Kepher. Alikuwa ameketi na mikono juu ya magoti, tumbo likiinuka na kushuka taratibu, mdomo ameubana kama mtu anayepoza uji. Na ilimsaidia. Mabega yake yalishuka mbele ya macho yangu, uso ukatulia, na nikaona angeweza kukaa hivyo hivyo, ametulia kabisa, mpaka ndugu yake achoke kupiga magoti na mkewe achoke kuuliza. Nilimwogopa kwa muda kidogo.

Kisha akasema, "Ouko, inuka. Hakukataa."

Ouko akabaki pale chini.

"Mama Antony hakukataa. Mimi sijawahi kumuuliza. Hiyo maneno yote nilitunga mimi."

Mvua ilikuwa imeacha na maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye paa. Ouko aliinuka polepole akaketi, akashika kichwa chake kwa mikono miwili. Kepher akaeleza yote, sauti ikiwa sawa, tangu zile nywele hadi simu ya kabatini. Nilidhani Yunia ataanza na yeye. Hakuanza naye. Alimgeukia Ouko.

"Mama pia alijua ni mimi?"

Ouko aliokota kofia yake. Yunia alimngoja.

"Alikuwa anauliza kila wakati kama umekubali," Ouko akasema. "Siku zake za mwisho akasema tuache kukuuliza. Akasema mwanamke ameamua kuweka moyo yake kuwa jiwe, mwachieni Mungu."

Yunia alitikisa kichwa polepole. Alichukua sahani za watu mezani, akazipanga moja juu ya nyingine, akazirudisha tena chini.

"Nilimwosha yule mama miguu, Baba Antony," alisema. "Wewe ulikuwa umesimama kwa mlango. Ulikuwa unaona akigeuza uso. Ulikuwa unajua ni kwa nini."

Kepher alisema ndiyo. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyapangusa. Alisema alikuwa anaona, na kila alipoona kifua kilimbana, na alitoka nje ili kisimbane. Hivyo ndivyo alivyosema, kama mtu anayemweleza sista dalili. Mimi niliinuka nikaenda nyumbani kwangu, na kwa mara ya kwanza niliwasha redio kwa makusudi.

Yunia aliubeba moto. Alisema ataubeba kabla hata Ouko hajaondoka siku ile, na sharti lake lilikuwa moja tu: kabla ya kwenda kwenye boma jipya wapite kwenye kaburi la mama, na Kepher aseme kwa mdomo wake, akina mama wa ukoo wakiwa wamesimama wanasikia. Mzee wa kanisa lao alikwenda pia akaomba, na mzee wa ukoo akafanya yake, na hakuna aliyemzuia mwenzake. Nilikwenda nao ng'ambo ya Sondu kwa sababu Yunia aliniomba. Kulikuwa kumepambazuka, nyasi zimelowa. Antony alishika shoka bila kujua aangalie wapi. Kepher alisimama mbele ya kaburi na jogoo kwapani, akasema kwa Kijaluo, na Ouko akanitafsiria kwa sauti ya chini. "Mama, Yunia hakukataa. Mimi ndiye sikumuuliza." Akina mama wale walimtazama Yunia, wengine wakainamisha macho. Yunia hakuwatazama. Aliliangalia kaburi kana kwamba anangoja ligeuke, kisha akachukua chungu chake chenye makaa akatangulia njia.

Jioni nyumba ilikuwa imesimama, ya miti na udongo mbichi, mabati yale ya kutu juu. Ouko alipeana mikono na kila mtu. Kwa Yunia alitoa yote miwili.

Tuliporudi Kericho Kepher alikuwa mtu mwingine. Alikula maharagwe. Alipiga mluzi akiosha buti. Zack alisema sasa mashine inatembea kama iko juu ya maji, na Nyambeki akampa kijana mgeni amfundishe kushika. Aliponikuta kwenye mfereji wa maji aliniambia kwamba usiku ule kwenye nyumba mpya alilala usingizi ambao hajalala tangu alipooa, na kwamba sista alikuwa amesema kweli, mtu akisema mashine inazima. Nilimwambia nimefurahi kusikia, na nilikuwa nimefurahi kweli.

Wiki iyo hiyo Yunia alinikuta kwenye kamba za nguo. Alianika shuka moja kwa muda mrefu sana.

"Alikoroma, Mama Lenah," alisema. "Usiku mzima kwa hiyo nyumba alikoroma. Na hapa pia. Mimi nalala macho wazi namwona tu yule mama akiangalia ukuta." Alishika kifua chake kwa kiganja, hapa juu. "Sasa ni mimi inabana."

Nilimsaidia kubana shuka. Asubuhi yake tukaomba ruhusa kwa Nyambeki, nikamsindikiza zahanati.